Paa la Bwalo Letu: Mbao za Zamani na Namna ya Kuzitengeneza

(Hotuba iliyosomwa katika maktaba ya shule, siku ya kwanza ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mwalimu Mkuu, walimu wetu mliostaafu na mnaoendelea na kazi, wanafunzi mliopo shuleni sasa, na ndugu zangu nyote mliopata kupanga foleni na sahani mkononi mbele ya mlango wa bwalo:

Nimepewa nusu saa niseme juu ya mbao. Katika ajenda ya kesho asubuhi limo pendekezo, ni la nne, la kubomoa paa la bwalo na kumimina zege bapa mahali pake. Kamati iliniomba nilikague paa hilo kabla ya kura kupigwa, nami nimelikagua kwa siku tatu. Nitaeleza niliyoyaona. Lakini kwanza sharti nieleze namna mbao inavyoharibika, maana wengi wenu mtakaopiga kura ni mawakili, waganga, wakulima na wafanyabiashara, na pendekezo lenyewe limeandikwa kana kwamba umri wa paa ndio ugonjwa wake.

Liko jambo moja, hata hivyo, lisiloweza kungoja maelezo. Naomba karamu ya leo jioni isiandaliwe bwaloni. Iandaliwe uwanjani, chini ya miembe. Nimekwisha kumweleza Mwalimu Mkuu, naye amekubali bila ubishi, na wanafunzi wanakula nje tangu juzi. Sababu zake mtazisikia nikifika kwenye kenchi ya tatu.

Ndugu zangu, mbao haiozi kwa sababu ya miaka. Mti ukikatwa, ukakauka, na ukakaa mahali pakavu penye hewa, hakuna kinachoula isipokuwa wadudu wachache. Huko Japani hekalu la Hōryū-ji lina majengo ya mbao yaliyosimama kwa zaidi ya miaka 1,300, tena katika nchi ya mvua na matetemeko. Hapa kwetu pwani, nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina dari za boriti za mikoko zilizowekwa na mafundi ambao wajukuu wa wajukuu wao wamekwisha zikwa. Boriti hizo hazikupakwa dawa yoyote ya dukani.

Kinachooza mbao ni kuvu, na kuvu ni kiumbe chenye kiu. Mbao ikiwa na maji yasiyozidi kama asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kuvu wa kuozesha hawezi kuishi humo. Ndani ya nyumba inayopitisha hewa, hata huku kwetu ambako shati halikauki vizuri mwezi wa Aprili, mbao hutulia chini ya kiwango hicho. Ili ipande juu yake inahitaji maji halisi: kigae kilichovunjika, gata iliyoziba, ukuta unaonyonya maji kutoka ardhini, bomba linalotona. Kwa hiyo ukiona boriti iliyooza, usiulize ina miaka mingapi. Uliza maji yametoka wapi. Ukibadilisha boriti bila kujibu swali hilo, umelisha kuvu chakula kipya.

Mchwa naye ana tabia hiyo hiyo kwa sehemu kubwa. Yule wa ardhini hupanda kwa njia zake za udongo kwa sababu hapendi mwanga wala hewa kavu, na hupenda zaidi mbao iliyokwisha lainishwa na unyevu. Yuko mwingine, mchwa wa mbao kavu, asiyehitaji udongo wala maji. Huyo humjua kwa vinyesi vyake, chembe ndogo kama mchanga mkavu, zinazojikusanya sakafuni chini ya tundu dogo. Wapo pia dumuzi watoao unga. Hao hushambulia zaidi sehemu nyeupe ya nje ya mti, na mara nyingi kiini cha mvule au mkongo huwashinda. Nimeona mbao ya mvule iliyotobolewa kama chujio upande mmoja, na fundi akataka kuitupa yote. Tulipoichonga kidogo tu kwa shoka tukakuta kiini kizima, chenye rangi ya asali, kisichopitisha hata ncha ya msumari.

Tazameni sasa namna wazee wetu wa pwani walivyojenga. Boriti ya mkoko ni ngumu na ina uzito, lakini haipatikani ndefu yenye unyofu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba, upana wake mita 3 hivi au pungufu. Mti ndio uliopima chumba. Majahazi yalichukua boriti hizo kutoka Rufiji na Lamu hadi Ghuba ya Uajemi, na huko nako, katika nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain, utakuta vyumba vyembamba kwa sababu hiyo hiyo. Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa boriti kwenda ng'ambo mwaka 1982, na leo hata sisi wenyewe haifai tuikate mikoko ovyo. Hiyo ni sababu nyingine ya kuokoa boriti tuliyo nayo.

Ukuta wa nyumba hizo ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hupumua: hunyonya unyevu na kuutoa tena jua likichomoza. Ncha ya boriti iliyofukiwa katika ukuta wa namna hiyo hulowana na kukauka, hulowana na kukauka, nayo huvumilia. Baadaye tukaja sisi na saruji. Lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa ni sawa na kumvalisha mtu koti la mpira juani. Maji huingia kwa ufa mdogo, yasipate pa kutokea, yakasogea ndani hadi kwenye kitu chenye kiu kuliko mawe, nacho ni ncha ya boriti. Kwa macho utaona ukuta umependeza, boriti inayoonekana chumbani nzima kabisa, kumbe sentimita 20 zilizo ukutani zimekuwa kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Katika kazi yangu yote sijaona kitu kilichoua boriti nyingi kuliko lipu ya saruji, wala mchwa hamfikii.

Majengo makubwa hayaanguki bila kutoa habari. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilidondosha sehemu ya kibaraza chake mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, upande mkubwa wa mbele ulianguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili walipoteza maisha. Sitaki kufanya hukumu ya sababu zake hapa. Nataja miaka hiyo miwili kwa ajili ya nafasi iliyo kati yake, miaka 8. Mtaa huo huo wa Mji Mkongwe unayo Zahanati ya Kale, jengo la Tharia Topan lenye vibaraza vya mbao vilivyonakshiwa, ambalo lilikuwa limechakaa vibaya. Lilitengenezwa miaka ya 1990 na mfuko wa utamaduni wa Aga Khan, na bado lipo, watu wanapanda ngazi zake.

Basi mtu anakaguaje paa? Vyombo vyake ni rahisi: tochi, bisbisi ndefu, nyundo ndogo, uzi, timazi na pima maji. Kiko pia kipimo cha umeme cha kusomea unyevu wa mbao, nacho ni kizuri, lakini bisbisi hukuambia mengi zaidi. Gonga mbao na usikilize. Mbao nzima hulia. Iliyooza hujibu kwa sauti ya gunia. Chokoza kwa bisbisi, hasa miisho ya mbao, pale zinapolala juu ya ukuta, chini ya gata, kwenye bonde la paa, na kwenye miguu ya nguzo. Katikati ya mbao, pale ambapo kila mtu hutazama, mara nyingi hapana neno.

Nyufa huwatisha watu bure. Ufa unaofuata nyuzi za mbao, mrefu na mnyofu, ni wa kukauka tu; pengine ulikuwapo kabla ya paa kuezekwa. Ufa wa kuogopa ni ule unaokata nyuzi, hasa upande wa chini wa boriti, maana hapo ndipo mbao inapovutwa. Kadhalika tumbo. Boriti ikipigwa mbichi hufanya tumbo inapokauka chini ya mzigo, kisha hubaki hivyo miaka 60 bila kuongeza. Funga uzi toka mwisho hadi mwisho, upime. Kwa boriti mpya wahandisi hupenda tumbo lisizidi 3 katika kila 1,000 ya urefu, yaani milimita 18 kwa mita 6. Ya zamani ikizidi hapo si lazima iwe hatari. Lililo muhimu ni kama inaendelea. Tia alama, rudi baada ya masika, upime tena. Na uutazame ufa wa ukutani kwa ndani: ukiwa na vumbi na utando wa buibui ni wa zamani, ukiwa mweupe na safi ni wa juzi.

Sasa bwalo letu. Ukubwa wake ni mita 24 kwa 9. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, paa ni la vigae vya Mangalore, na linabebwa na kenchi 7 za mvule baina ya kuta mbili za pembetatu. Nimezihesabu kuanzia upande wa jikoni.

Kenchi ya 1, ya 2, ya 4 na ya 7 ni nzima. Nasema nzima, si kwamba zaweza kuvumilia. Kwenye kenchi ya 2 yapo majina ya watu yaliyochongwa kwa kisu, na wawili kati yao nimewaona wameketi humu ndani wakiwa na miwani. Jinsi walivyofika kule juu ni shauri lao na mwalimu wa zamu wa wakati ule.

Kenchi ya 5 na ya 6 zimeoza miguu upande wa bahari, ya 5 kwa kiasi cha sentimita 30 na ya 6 kwa sentimita 45. Juu yake hakuna gata. Iliondolewa ilipotoboka na haikurudishwa, na maji ya paa lote la upande ule yanateremka ukutani. Hapo ndipo lipu ya saruji ilipopakwa pia, ili kuficha madoa.

Kenchi ya 3 haikuoza hata kidogo, nayo ndiyo iliyonifanya niwatoe watoto. Nieleze kidogo kenchi inavyofanya kazi. Simamisheni watu wawili waegemeane kwa viganja, miguu yao ikiwa mbali. Mzigo ukiwekwa juu ya mikono yao, miguu itateleza kwenda nje. Hizo ndizo mbao mbili za mteremko. Sasa wafungeni kamba miguuni, ya mmoja kwa ya mwenzake. Hawatelezi tena. Kamba hiyo ndiyo mbao ya chini ya kenchi, ile ilazwayo toka ukuta hadi ukuta. Watu wengi hudhani kazi yake ni kubeba dari na feni. La! Kazi yake ni kuvutwa. Inazuia paa lisisukume kuta nje. Katika kenchi yote hakuna mbao ambayo si afadhali kuikata kuliko hiyo. Kata yoyote nyingine kwanza.

Katika kenchi ya 3 mbao hiyo imekatwa. Kipande cha sentimita 40 kimeondolewa, kwa msumeno, kwa ustadi, ili kupitisha pazia la jukwaa. Aliyekata simjui, na kumtafuta hakutusaidii. Niliposhusha timazi kwenye ukuta wa upande wa bahari, kwenye kenchi nyingine mwegemeo haukupita milimita 6. Kwenye kenchi ya 3 ukuta umeegemea nje milimita 38 kwa kimo cha mita 4, na ufa ulio kando yake ni mweupe ndani. Mtauliza, mbona paa halijaanguka? Kwa sababu mbao za juu zinazounganisha kenchi zimeusukuma mzigo kwa jirani, kenchi ya 2 na ya 4. Jirani mwema hubeba, lakini hakuulizwa.

Matengenezo yake ni haya. Kwanza gadi, kabla ya fundi yeyote kugusa kitu. Gadi isimame juu ya ardhi ngumu au ubao mpana uliolala juu ya ardhi, si juu ya sakafu yenye uwazi chini yake. Jeki ikazwe polepole, milimita chache kwa siku, na tusikilize. Paa lililokaa vibaya miaka mingi halipendi kunyooshwa kwa mchana mmoja. Likiharakishwa, vigae huvunjika na ukuta hupasuka mahali pengine. Kisha tutapitisha nondo ndefu yenye nyuzi za nati, toka mguu mmoja wa kenchi hadi wa pili, kwa bamba la chuma kila upande. Nondo hiyo itakuwa kamba ya muda. Hapo ndipo tutakapotia kipande cha mvule katika pengo na kukifunga kwa mabamba mawili ya chuma ubavuni, yaliyopakwa zinki kwa sababu ya hewa ya bahari, na bolti zipite toka bamba hadi bamba.

Juu ya bolti naomba mafundi waliomo humu wanisikilize. Mbao inayovutwa hupasukia mwishoni, bolti ikachomoka nayo. Bolti isikaribie mwisho wa mbao kwa chini ya mara 7 ya unene wake. Bolti ya milimita 16 iwe na milimita 112 za mbao mbele yake. Washa ziwe pana, ili nati isizame katika mbao. Na misumari, hata 50, haifanyi kazi ya bolti 4 mahali kama hapa.

Kenchi ya 5 na ya 6 hazihitaji kutupwa. Hukatwa sehemu iliyooza, pamoja na kipande cha ziada kilicho kizima, maana kuvu hutangulia mbele ya macho. Mwisho mpya wa mvule huunganishwa na wa zamani kwa kukatwa mshazari mrefu, uso kwa uso, kisha bolti. Mguu mpya utalala juu ya jiwe gumu lenye karatasi ya lami juu yake, na pembeni tutaacha nafasi ya upana wa kidole ili hewa ipite. Usiizibe nafasi hiyo kwa saruji kwa kutaka unadhifu! Halafu lipu ya saruji ya upande ule ibanduliwe na kurudishwa ya chokaa, na gata irudi. Ukweli ni kwamba gata ingetangulia yote hayo kama isingekuwa kenchi ya 3.

Zipo gundi za epoksi za kujazia mbao iliyooza. Zina mahali pake, katika nakshi au mlango ambao hutaki kupoteza sura yake. Kwenye mguu wa kenchi ambao kazi yake ni kubeba tani, mimi sizipendi, hasa zikimiminwa juu ya kuoza ambako hakukuondolewa. Fundi hujaza, hupaka rangi, hulipwa. Kuvu huendelea ndani.

Baadhi yenu mmeniuliza pia juu ya sakafu ya mbao ya bweni la ghorofani, ile inayoruka mtu akitembea. Hiyo si hatari, ni udhia, na dawa yake ni rahisi. Ugumu wa boriti hufuata kimo chake mara tatu yenyewe: ukiongeza kimo maradufu, ugumu hupanda mara 8, ilhali ukiongeza upana maradufu hupanda mara 2 tu. Na ukiweka mhimili katikati ukaugawa urefu nusu kwa nusu, tumbo la mzigo uliotandazwa hupungua hadi sehemu ya 16. Kwa hiyo kabla ya kununua mbao mpya, tazameni kama mhimili mmoja na nguzo mbili chini yake haviwezi kumaliza kazi. Katika chumba kile vinaweza.

Nirudi kwenye zege. Zege la unene wa milimita 150 lina uzito wa kilo 360 kila mita mraba. Vigae na kenchi zake kwa kawaida havifiki kilo 100. Kwa bwalo la mita mraba 216, zege hilo ni karibu tani 78, na hapo sijahesabu mihimili, kwani zege la unene huo haliwezi kuvuka mita 9 peke yake. Tani hizo mnataka kuziweka juu ya kuta za matumbawe na chokaa zilizokwisha egemea nje. Nguzo mpya za zege zaweza kubeba, ni kweli, lakini hapo hamtengenezi bwalo tena. Mnajenga jingine ndani yake. Nondo nazo zikigusana na mawe yenye chumvi ya bahari hushika kutu, zikavimba na kupasua zege. Nani kati yetu hajaona dari za pwani zinazodondosha vipande?

Mmoja wa wajumbe alisema mbao huwaka moto. Ndiyo, huwaka. Lakini mbao nene ikiungua hujifanyia gamba la makaa, na moto huila kama milimita 0.7 kwa dakika, upande kwa upande. Chuma kisichokingwa kikifika joto la nyuzi 550 hivi hubakiwa na takriban nusu ya nguvu zake, na hulegea bila kuaga. Hatari ya moto katika paa letu si mvule. Ni nyaya za umeme zilizounganishwa kwa gundi ya karatasi juu ya kenchi ya 4, ambazo nimeomba zikatwe, na jana zimekatwa.

Kuhusu dawa za wadudu niwe mfupi. Oili chafu ya magari ipakwe mahali pengine, si juu ya vichwa vya watoto wanaokula. Dieldrini na aldrini, tulizozoea kuzimwaga zamani kama maji, zimo katika orodha ya sumu zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Kwa mbao za ndani chumvi ya boroni hutosha. Huzama vizuri na haina harufu. Haifai nje, kwa sababu mvua huiosha. Na wanaotaka kutuuzia misonobari ya Sao Hill kwa kuwa ni rahisi, mimi sina ugomvi na misonobari, mradi iwe imetiwa dawa kwa mashine ya msukumo na si kwa brashi, na isiunganishwe na mvule katika kenchi moja.

Shida yetu kubwa haitakuwa fedha, itakuwa mikono. Mafundi seremala wanaoweza kukata kiungo cha mshazari kikakaa bila kujazwa unga wa mbao ni wachache. Ninamfahamu mmoja, mzee wa makamo yangu, aliyekubali kuja kwa sharti moja: apewe vijana wanne wa chuo cha ufundi, wakae naye tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, wasije kupiga picha na kuondoka. Naomba sharti hilo likubaliwe kama lilivyo.

Ndugu Mwenyekiti, ombi langu kwa mkutano wa kesho ni kwamba pendekezo la nne liandikwe upya. Bwalo lifungwe hadi kenchi ya 3 itakapofungwa nondo. Gata irudishwe kabla ya vuli. Mlango wa mashariki, ulio chini ya kenchi hiyo, usifunguliwe kwa sababu yoyote, hata kutoa viti vya karamu. Viti vitolewe kwa mlango wa jikoni, na watu wawili wawili, si kundi. Gadi 6 za kwanza zimekwisha patikana kutoka kwa mwenzetu mmoja mjenzi, zitafika Jumatatu kwa lori lake, na nahitaji watu 8 wenye migongo mizima wa kuzishusha. Karatasi ya kuandika majina iko kwa Katibu, pale mlangoni. Maswali nitayapokea sasa, ila wale wawili wa kenchi ya 2 waulize mwisho.